Hisabati: Anayetega swali hujifunza kuliko anayejibu

Tangu matokeo ya kwanza ya mtihani wa KJSEA yatangazwe Desemba 2025, kila baraza nililokaa hapa Mombasa limekuwa na swali lake kuhusu Hisabati. Mzazi anatoa simu, anaonyesha ujumbe wenye AE2 ama BE1, kisha anauliza, "Mwalimu, hii maana yake nini?" Ninamweleza kwamba ngazi ni nane, kuanzia EE1 kwa aliyezidi matarajio kwa mbali hadi BE2 kwa aliye chini kabisa. Ananisikiliza kwa adabu, lakini naona si hilo analotaka kujua. Anataka kujua skuli itamfanyia nini mdogo wa mtoto huyo, ambaye sasa yuko Gredi ya 8.

Na jawabu la skuli nyingi nizijuazo ni moja: mitihani zaidi. Kuna mtihani wa kufungua muhula, wa katikati, wa kufunga, na juu yake karatasi za marudio za kununua, zinazotungwa na watu wasiomjua mtoto huyo wala mwalimu wake. Mzazi anachangishwa. Mtoto anafanya mtihani Jumatatu, karatasi inasahihishwa nafasi ikipatikana, inarudi na alama 34, na Jumatatu ya pili kuna karatasi nyingine. Hakuna aliyekaa na mtoto huyo kumuuliza zile alama 66 zilipotelea wapi.

Nilisomesha Hisabati miaka 27 kabla ya kustaafu, na ninachopendekeza hapa si kigeni wala hakina gharama. Wanafunzi wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7, 8 na 9, wapewe kazi ya kutunga maswali ya Hisabati na kuwatahini wenzao. Lisiwe jambo la siku ya wazazi tu, mgeni akija. Kila wiki, kipindi kimoja kati ya vile vitano vya somo hilo kiwe cha kazi hiyo.

Kwanza tukumbuke tunapigania nini. Mpango wa awali wa Sekondari Pevu ulikuwa Hisabati iwe somo la hiari. Watu wakalalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: Hisabati kamili kwa walio katika mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, na Hisabati ya matumizi, iliyo nyepesi zaidi, kwa walio katika mikondo ya sayansi za jamii na ya sanaa na michezo. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia. Kwa hivyo mtoto aliyekuwa akisubiri Gredi ya 9 iishe ili aagane na Hisabati hana tena pa kukimbilia. Na yule anayetamani uhandisi wa meli, udaktari ama urubani anapimwa kwa somo hili akiwa bado mdogo, kwa sababu mkondo unaamuliwa mwishoni mwa Gredi ya 9. Twakaa barazani tukilalamika kwamba kazi nzuri za bandarini zinachukuliwa na watu wengine. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Lakini anayetengeneza umeme wa kreni alianza kutengenezwa Gredi ya 7, na hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoanguka.

Wanaangukia hapo kwa sababu Hisabati yenyewe inabadilika. Mpaka Gredi ya 6 mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kusafiri kwa jedwali la kuzidisha na mifano ya ubaoni. Halafu ghafla namba zinageuka herufi, hasi inazidishwa kwa hasi, na kanuni inamtaka ajue lini inatumika na lini haitumiki. Kukariri kunagonga mwamba. Mtoto anayejibu maswali ya kununua anaweza kuendelea kubahatisha kwa miaka mitatu bila mtu kugundua. Anayetakiwa kutunga swali hana nafasi ya kubahatisha, na nitaeleza kwa nini.

Muhula uliopita mwalimu mmoja niliyemsomesha zamani alinikaribisha darasani kwake, katika skuli ya umma upande wa Kisauni. Ni Gredi ya 8 yenye watoto 58. Aliwagawa makundi 14, mengine ya watu wanne, mawili ya watu watano. Kila kundi lilitakiwa kuandika maswali matatu kuhusu mada walizopitia, jawabu la kila swali pamoja na hatua zake zote, na chini ya kila swali majibu matatu ya mtego. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: kila jibu la mtego liwe na sababu. Huwezi kuandika 17 kwa kuwa tu 17 si jibu. Lazima useme ni kosa gani litakalomfikisha mwenzako kwenye 17.

Nilikaa karibu na kundi moja la wavulana lililokuwa likitunga swali la ngazi iliyoegemezwa kwenye mnazi, kwa kanuni ya Pythagoras. Wakaandika ngazi ina urefu wa mita 6, na mguu wake uko mita 8 kutoka kwenye shina. Mchoro ulipendeza, mnazi na madafu yake. Walipoanza kutafuta jawabu lao wenyewe, 36 ukitoa 64, wakapata hasi 28. Mmoja akasema kikokotoo kimeharibika. Mwingine, mdogo kwa umbo, akachukua rula na penseli akazipanga juu ya dawati, akasema, "Nyinyi, hii ngazi haifiki hata kwenye mnazi! Ni fupi kuliko hapo chini!" Wakacheka mpaka mwalimu akawaangalia. Kwa miaka mingi nimewaambia watoto kwamba upande unaoitazama pembe mraba ndio mrefu kuliko wote katika pembetatu hiyo. Waliandika, wakasahau. Watoto hawa hawakuambiwa na mtu siku hiyo.

Wakabadilisha: ngazi mita 10, umbali mita 7. Sasa jawabu likawa kipeuo cha pili cha 51, mita 7 na ushei. Si kosa, lakini walitaka jawabu zuri lisilo na desimali. Wakajaribu 10 na 5. Likakataa. Wakajaribu 9 na 4. Likakataa. Dakika kumi zilipita wakitafuta namba zinazokubaliana, na mwishowe wakaangukia 13 na 5, mnazi ukawa na mita 12. Yule mdogo akauliza kama kuna nyingine. Mwalimu akamwambia atafute nyumbani. Nasikia alirudi na 8, 15 na 17, na alipoulizwa na wenzake amezitoa wapi, akasema alizijaribu moja moja. Hakuna karatasi ya kununua ambayo ingemfanya mtoto wa miaka 13 akeshe akitafuta namba hizo.

Kundi jingine lilikuwa na swali la kiamsha kinywa. Mtu ananunua mahamri kwa shilingi 10 moja, na chai ya shilingi 30, analipa shilingi 95. Amekula mahamri mangapi? Mlinganyo wao ulikuwa sawasawa, na jawabu likawa mahamri sita na nusu. Msichana mmoja akasema hakuna mtu anayeuza nusu hamri. Mwenzake akasema kwa mamake lipo, mtoto mdogo akija na shilingi tano anakatiwa. Ubishi ule, ambao mgeni angeuona ni mchezo, ni ubishi wa kweli wa Hisabati: je, jawabu ninalopata kwenye karatasi linakubalika katika jambo ninalolizungumzia? Mwishowe walibadilisha 95 ikawa 100, wakapata 7. Na katika kubadilisha wakagundua siri ambayo watunga mitihani wote wanaijua: unaanza na jawabu, unarudi nyuma hadi kwenye swali. Mtoto aliyeweza kurudi nyuma hivyo ameuelewa mlinganyo kwa pande zote mbili.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni majibu ya mtego. Kundi la wasichana waliokaa karibu na dirisha liliandika swali hili: Deira inauzwa shilingi 1,200. Mwenye duka akaipunguza bei kwa asilimia 20, kisha baada ya Idi akaipandisha kwa asilimia 20. Sasa inauzwa bei gani? Jawabu ni shilingi 1,152, kwa sababu asilimia 20 ya pili inatolewa kwenye 960, si kwenye 1,200. Na jibu lao la kwanza la mtego lilikuwa 1,200. Pembeni wameandika sababu: "Atafikiri amerudisha alichotoa." Nilisomesha watu wazima, wengine wana maduka yao leo, ambao hawakuwahi kulieleza kosa hilo kwa maneno machache kama yale. Msichana anayejua mwenzake atateleza wapi hatateleza hapo yeye.

Na huo ndio utofauti wa kutunga na kujibu. Anayejibu anahitaji njia moja tu ya kufika. Anayetega anahitaji kujua njia ya kufika na njia zote za kupotea. Kwa mfano, kila mwalimu wa Gredi ya 7 amekutana na mtoto anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili juu ya tano, kwa kuwa amejumlisha juu na juu, chini na chini. Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, huandika tano juu ya sita, na kesho kosa linarudi. Mwambie mtoto huyo huyo aliweke kosa lile kama mtego na aeleze kwa nini si sawa. Atalazimika kuona kwamba mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Ameongeza kitu, kikapungua! Akishaliona hilo kwa macho yake, haliwezi kumrudia kirahisi.

Sisi watu wa Pwani hatupaswi kufundishwa jambo hili na mtu. Tumekua na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Na kila mtu anajua kwamba katika mchezo ule heshima ni ya mtegaji. Ukishindwa unampa mji, naye anautafuna mji wako taratibu, Malindi ama Unguja, kabla ya kukufungulia. Lakini mtegaji naye ana masharti. Hawezi kutega asichokijua jawabu lake, na akitega kitu kisichoshikika watu watamkatalia hapo hapo. Chuoni pia, kabla ya maalim kukusikiliza, mkubwa wako amekwisha kukusikiliza na kukurekebisha, na yeye mwenyewe alikuwa akidurusu kwa kukusikiliza wewe. Tukaenda skuli tukayaacha hayo mlangoni, tukaamini kwamba swali ni mali ya mwalimu na ya Baraza la Mitihani.

Kwengineko wamelifanyia kazi. György Pólya, katika kitabu chake cha 1945 "How to Solve It", alimshauri anayeshindwa na swali abadilishe sehemu yake moja, atafute swali jingine linalofanana nalo, yaani ajitungie. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Stephen Brown na Marion Walter, waliandika kitabu kizima juu ya ufundi wa kutunga maswali ya Hisabati, na mbinu yao kuu ni kuchukua jambo tunaloliona ni la lazima na kuuliza: je, lisingekuwa hivyo? Katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Paul Denny alitengeneza programu ya PeerWise, ambamo wanafunzi huandika maswali ya kuchagua, hueleza majibu, na wenzao huyajibu na kuyapima ubora. Hao ni wanafunzi wa chuo kikuu wenye kompyuta. Darasa la Kisauni lilikuwa na daftari za kurasa 96 na penseli, na kazi ilikuwa ile ile.

Kuna jambo jingine lililojitokeza siku ile ambalo wasomi hao hawakulazimika kulifikiria, nalo ni lugha. Hisabati kwetu inasomeshwa kwa Kiingereza. Watoto wale walikuwa wakibishana kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mtaani kwao, kisha wanaandika kwa Kiingereza, na katikati ya kuvuka huko maana inamwagika. Kundi moja lilitaka kusema namba iliyopunguzwa tano. Kiingereza chake ni "five less than a number", na mtoto anayefuata mpangilio wa maneno anaandika tano kwanza: 5 − n. Kwa Kiswahili hangekosea, kwa sababu lugha yenyewe inaitanguliza namba. Kosa hilo kwenye mtihani linahesabiwa ni kosa la Hisabati, na mtoto anaambiwa hajui aljebra. Si kweli. Anaijua, ila hajui kuivusha. Mwalimu wetu alifanya jambo la busara: swali litungwe kwanza kwa Kiswahili, lieleweke, kisha liandikwe kwa Kiingereza, na kundi litakalolipokea lipewe yote mawili. Sioni sheria inayokataza hilo. Na laiti wanaotunga mitihani ya kununua wangelazimika kufanya hivyo, maana baadhi ya karatasi nilizoziona hazieleweki kwa lugha yoyote.

Siku ya pili makundi yalibadilishana maswali. Hapo kuna utaratibu ambao nadhani ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Kundi linalojibu lina haki ya kulishtaki swali. Likiona swali lina upungufu, namba hazikubaliani ama jawabu la watungaji si sahihi, linanyoosha mkono, na watungaji wanasimama ubaoni kulitetea. Mashtaka sita yaliwekwa siku ile. Matatu yalishinda. Katika moja, msichana ambaye mwalimu aliniambia hajazungumza darasani tangu muhula uanze alisimama kuonyesha kwamba swali la kasi na muda la wavulana wa nyuma lilichanganya dakika na saa: basi lao lilikuwa likitoka Mombasa na kufika Malindi kwa mwendo wa ndege. Wavulana walijaribu kumpigia makelele. Mwalimu aliwanyamazisha, akamwambia, "Endelea, mwanangu." Akaendelea. Swali likafutwa.

Sasa, pingamizi. Nimezisikia nyingi, na baadhi zina uzito.

Walimu wanasema muda hautoshi. Kipindi ni dakika 40, mada ni nyingi, na mkaguzi anauliza umefika ukurasa gani. Hili ni kweli, lakini makundi 14 yakitunga maswali matatu kila moja, mwalimu anapata maswali 42 kwa siku moja, na pamoja nayo ramani ya makosa ya darasa lake. Mwalimu yule aliniambia kwamba baada ya kuona majibu ya mtego alijua kundi gani lilifikiri hasi ikitolewa hasi hubaki hasi, na alirudia mada hiyo peke yake, si sura nzima. Alipoteza kipindi, akaokoa vitatu.

Wazazi wanasema mtoto atachukua simu ya nyumbani na kuiomba programu imtungie maswali kumi kwa dakika moja. Atafanya hivyo, wengine wanafanya. Ndiyo maana kazi isitolewe kuwa ya nyumbani, ifanyiwe darasani kwa penseli. Na programu haitasimama ubaoni kujibu mashtaka. Mtoto aliyenakili hugundulika katika swali la pili.

Wengine wanasema watoto hodari ndio watakaofanya na wengine watatazama. Nilimuuliza mwalimu kuhusu hilo. Anayeandika hodari, akasema, haruhusiwi kutetea. Anayetetea hachaguliwi na kundi, anachaguliwa na yeye. Kwa hivyo kundi zima linahofia aitwe yule dhaifu wao, na linamsomesha. Nikaona ameniacha mbali.

Wasiwasi wangu mwenyewe ni tofauti, na uko kwa wakubwa. Alama za KJSEA zinajengwa kwa sehemu tatu: asilimia 20 zinatoka katika KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 katika kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 katika mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Nahofia mtu ataliona jambo hili, alipende, kisha aseme maswali ya wanafunzi nayo yapewe alama ziingie kwenye zile 20 za katikati. Siku hiyo yatakufa. Mtoto akijua swali lake linahesabiwa, atatunga swali jepesi asilokosea, ama atamlipa mtu amtungie. Atakayeshtaki swali la mwenzake ataonekana amemharibia alama. Mtaala wetu huu wa umilisi umetaja fikra tunduizi na kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, lakini kila kilichotajwa tumekigeuza fomu ya kujaza. Hili liachwe bila fomu. Maswali mazuri yaingie katika daftari moja la darasa, wale wa mwaka unaofuata wayakute.

Wala mzazi asiambiwe alete karatasi ya manila, rangi na gundi. Tumekwisha kununua vya kutosha.

Na tukiwa tunazungumzia kununua, hesabu ifanywe. Chukua skuli yenye watoto 420 wa sekondari msingi, kila mmoja akichangishwa shilingi 150 kwa muhula kwa ajili ya mitihani ya kuchapishwa. Ni shilingi 63,000 kwa muhula, 189,000 kwa mwaka. Simwambii mtu aache mitihani yote. Mtoto anahitaji kuzoea karatasi rasmi, na wa Gredi ya 9 anahitaji zaidi. Lakini mitihani mitatu kila muhula kwa Gredi ya 7? Katika mkutano ujao wa wazazi, swali hilo lina haki ya kuulizwa: tulilipia nini, karatasi zilirudi lini, na mwalimu alibadilisha nini katika kufundisha kwake baada ya kuziona?

Jambo ambalo sitaki lieleweke vibaya ni hili la walimu. Darasa lile la Kisauni lilifaulu kwa sababu lilikuwa na mwalimu aliyesomea Hisabati, anayeweza kutazama swali la mtoto akajua kwa nusu dakika kama linasimama. Wanafunzi kutunga maswali hakuchukui nafasi yake. Bila yeye, kundi litatunga swali bovu, kundi jingine litalijibu vibaya, na wote watakwenda nyumbani na uhakika wa uongo. Sekondari msingi zilianza Januari 2023 ndani ya skuli za msingi, zikiwa na walimu wachache. Wengi wa waliofuata walikuwa wanagenzi, ambao mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Hadi leo kuna skuli za Tana River, Kwale, Kilifi na visiwa vya Lamu ambako mwalimu aliyesomea historia ama dini ndiye anayebeba Hisabati, kwa sababu hakuna mwingine. Mwalimu huyo hana kosa, na ukimwambia asimamie mashtaka ya kipeuo cha pili unamwonea. Huko kinachotakiwa kwanza ni Tume ya Huduma za Walimu kupeleka mtu wa Hisabati, na wabunge wetu, ambao hawakosi kwenye harambee za madarasa, kuiuliza tume hiyo kwa majina ya skuli, moja baada ya nyingine, nani anasomesha somo hili na alisomea nini.

Mwalimu wa Kisauni yeye anaendelea. Daftari la darasa lake lilikuwa na maswali 117 nilipoliona mara ya mwisho. Swali la deira limo, la mahamri limo. Lile la ngazi ya mita 6 pia limo, halikufutwa. Wamelibadilisha kuwa swali la kweli: eleza kwa nini ngazi hii haiwezi kufika.